Fremu kwa Kilo

Niliinunua kwa kilo, Kisumu Ndogo,
kwa Thoya wa vyuma chakavu,
kati ya masufuria yaliyotoboka na antena za runinga.
Kilo mbili na robo. Thoya hakuuliza ni nini.
Mizani yake haijui baiskeli, inajua uzito.
Nikaivaa begani kama mkoba,
nikavuka daraja la Sabaki kwa miguu,
vijana wa bodaboda wakinipigia honi:
Mwaro, na magurudumu umemwachia nani?

Miezi kumi na moja.
Uma wa mbele nilimtoa nao Mtaliano aliyekuwa akifunga nyumba,
elfu mbili, na kahawa chungu juu yake.
Rimu moja ilikuja kwa basi toka Mombasa
imeshonewa ndani ya gunia la viazi.
Ya pili ikachelewa hadi baada ya Idi.
Kiti kilikuwa chini ya kitanda,
nacho kikisubiri pa kukaa.
Gololi nilizihesabu usiku kwenye kifuniko cha mkebe;
moja ikaanguka,
usingizi wangu ukabingirika nayo
mpaka nyuma ya kabati.

"Baiskeli ya mlima," alisema dada yangu Nyevu,
"na mlima wenyewe uko wapi?"
Nikamwonyesha kaskazini, Gongoni,
marundo ya chumvi yanavyong'aa saa sita
hata jicho linajifumba lenyewe.
Mlima ni ule. Nao haupandwi.
Ule ndio unaokushukia.

Baba aliutumikia miaka kumi na tisa.
Chumvi ilianza na nyayo, ikaja kwenye kucha,
kisha ikaingia katika ile baiskeli yake nyeusi,
pale mlingoti wa kiti unapozama, pasipochungulia mtu.
Nje rangi ilikuwa nzima.
Nje alikuwa akiipangusa kila Ijumaa.
Siku ilipokatika shingo, mteremko wa Mambrui,
ilikatika kama muhogo mkavu,
na meno yake mawili yakabaki barabarani.
Hakuilaani. Alichungulia ndani ya bomba,
akasema:
Kumbe ulikuwa unga.

Aluminiamu haishiki kutu, watu husema.
Waje Gongoni.
Inatoka weupe, kama ngozi ya mtu aliyekosa mafuta.
Ndiyo maana grisi naitia ndani kwanza,
kidole mpaka kifundo, kila tundu, kila uzi wa bolti,
ndani, kusikosifiwa na mtu.

Halafu nje. Tyubu kuukuu ya pikipiki nikaichana riboni,
nikauviringishia mkono wa nyuma, upande wa mnyororo:
upige mpira, usipige mfupa.
Bomba la chini, linalopokea mawe,
lilitaka kitu cha kukinga bila kuficha.
Nilikitazama siku tatu kabla ya kukikata.
Nailoni ya meza ya mama.

Asubuhi aliweka sahani, akahisi mbao.
Akapitisha kiganja kwenye lile pengo la mstatili.
Akatoka nje, akaikuta fremu imeegemea mwembamba wa kivuli,
kijani cha embe changa,
inang'aa kama iliyopakwa maji.
"Umekivisha chuma," alisema, "meza yangu umeiacha uchi."
Nikatafuta neno.
Yeye alikuwa ameshainama,
kidole gumba juu ya kiputo cha hewa
nilichokishindwa karibu na shingo,
anakisukuma, polepole,
kama anayekanda tumbo la mtoto,
hadi ukingoni
kikatoka.

Deni la meza bado lipo.
Nyevu hulipima kwa shubiri kila tunapokula, nisilisahau.

Jana nilirudi zamu ya usiku,
chumvi hadi kwenye kope,
mchanga wa njia ya chini umekwama katika kila gia.
Maji yalikuwa dumu moja, la shilingi ishirini.
Nikavua shati.
Mama akanitazama mimi, akaitazama ile,
akaitazama dumu.
"Mwoshe yeye kwanza."

Yaliyobaki yalinitosha uso.